Kutoka Pangani hadi Tanga kwa miguu: ratiba yenu iko kwenye maji

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Chumbageni, Tanga. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilitembea na wenzangu siku nne kwenye njia iitwayo Cleveland Way, kwanza nyikani kisha kando ya bahari. Tangu nirudi nyumbani najiuliza kwa nini sijawahi kutembea pwani ya kwetu. Tuko wanawake wanne, tunataka kwenda kwa miguu kutoka Pangani hadi Tanga mwezi wa Julai, na tukiweza, mwaka kesho tuanzie Saadani. Je, njia ipo? Tujiandae vipi? Na usalama ukoje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana. Kwa miaka mingi nimeongoza watu kwa miguu katika pwani hii, na karibu wote walitoka mbali. Wenyeji huniuliza habari za Kilimanjaro na milima ya Usambara. Ufukwe ulio mlangoni kwao hauwashughulishi. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na huko ulikotembea, kwa sababu uzoefu ulioupata kule ni mzuri, lakini kuna mahali unaweza kukuponza. Cleveland Way ina kilomita 175, kutoka mji mdogo wa Helmsley hadi Filey, na ilifunguliwa rasmi mwaka 1969. Sehemu ya kwanza inapita kwenye nyika za juu zisizo na miti, zile ambazo mwezi wa Agosti hugeuka zambarau kwa maua. Kisha inafika Saltburn, na kuanzia hapo bahari inakuwa kushoto kwako hadi mwisho. Njiani kuna vibao vyenye alama ya tunda la mwaloni. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba ukifika pwani, sehemu kubwa ya njia inapita juu ya majabali. Pale Boulby unatembea mita 200 hivi juu ya maji. Bahari ijae au ipwe, wewe uliye huko juu halikuhusu.

Huku kwetu njia ni mchanga wenyewe, na bahari inauchukua mara mbili kila siku. Hakuna kibao na hakuna ramani iliyochorwa kwa ajili ya mtembeaji. Kuna vijia vya wavuvi, vijia vya wakwezi kwenye minazi, barabara za mashamba ya mkonge, na ufukwe pale maji yanapouachia. Kwa hiyo njia ipo, ila ipo kwa saa. Mahali palepale ambapo saa 4 asubuhi mnapita mkiimba, saa 9 alasiri ni kina cha kuzamisha mtu. Watu hupanga safari kwa kilomita, “leo ishirini, kesho kumi na tano”, halafu wanashangaa wamesimama mbele ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, likiwa limejaa. Ninyi pangeni kwa maji kwanza; kilomita zitafuata.

Basi tuzungumze maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Siku hizo bahari hujaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, na hupwa mpaka miamba ya matumbawe inabaki nje. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu. Mgeni akisikia hivyo huchagua maji mafu, akidhani bahari isiyosogea sana ndiyo rafiki wa mtembeaji. Mimi nawaambia chagueni bamvua, na sababu yake ni saa. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi yote maji yako juu, na mchanga mgumu mnaupata jioni, mkiwa mmekwisha kuchomwa na jua na giza linanyemelea.

Mkianza kutembea saa 12 na nusu asubuhi, siku ya mwezi mpevu, maji yatakuwa yanawakimbia. Mtakuwa na mchanga mpana mpaka saa 6 na nusu mchana, na hapo ndipo mtu mwenye akili anakaa kivulini hata bila bahari kumwambia. Siku ya pili maji yatapwa dakika 40 hadi 50 baadaye, na siku ya tatu vivyo hivyo. Misafara ya zamani iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini nayo iliamka kabla ya jua na kupiga kambi kabla mchana haujawa mkali. Kwa hiyo hesabuni mwezi, tafuteni jedwali la maji la bandari ya Tanga mhakikishe saa kamili, na siku moja kabla ya kuondoka sikilizeni taarifa ya upepo na mawimbi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Julai mmechagua vizuri. Masika yamekwisha, vijito vimepungua, na hewa ni ya baridi kidogo. Ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini, ndiyo maana wazo lenu la kuanzia Pangani na kuja Tanga ni sahihi: upepo utawasukuma mgongoni. Mngekuwa mnakwenda Januari, wakati wa kaskazi, ningewaambia mgeuze, mtoke Tanga mwende Pangani. Ila kumbukeni jambo moja dogo: mkielekea kaskazini, bahari na jua la asubuhi vyote viko kulia. Mtu huungua shavu la kulia na sikio la kulia kabla hajajua. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana na mtandio mwepesi vinatosha.

Kwa barabara, Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Kwa ufukwe ni zaidi, maana pwani haijanyooka. Nawashauri siku tatu. Wengine hujivuna kwamba wamefanya siku mbili, lakini wanaofanya siku mbili hawakuona kitu.

Siku ya kwanza, Pangani hadi Kigombe, ndiyo ndefu na ndiyo nzuri ya kutembea. Kuna mchanga, mivinje, minazi, na hapa na pale rasi ya jabali la matumbawe ambalo bahari imelila kwa chini likabaki limeinama kama ukingo wa paa. Rasi hizo hupitwa kwa mbele, juu ya mwamba, maji yakiwa yamepwa. Maji yakiwa yamerudi usijaribu kupita kwa kushikilia jabali. Rudi nyuma, panda juu, tafuta kijia cha wanakijiji. Penye rasi hizo pana njia ya juu, na kabla ya kuondoka kila asubuhi ulizeni mwenyeji: maji yakituzuia, tunapandia wapi?

Kutembea mchangani kuna ufundi wake. Mchanga mkavu wa juu unameza miguu na unakula nguvu mara mbili. Mchanga mzuri ni ule ambao maji yameuacha punde, bado una unyevu, ukikanyaga unabaki mgumu na alama ya kisigino haizidi kina cha ukucha. Lakini ufukwe una mshazari, na mkitembea kwa muda wa saa 5 bahari ikiwa upande mmoja, mguu wa kulia unashuka chini daima kuliko wa kushoto. Jioni nyonga na goti vinalalamika, na mtu hajui kwa nini. Maji yanapopwa sana, shukeni kwenye ule uwanda tambarare karibu na maji. Msitarajie kasi ya Uingereza. Kilomita 3 kwa saa ni mwendo mzuri.

Viatu: yale mabuti mliyovaa nyikani yaacheni nyumbani. Yakilowa chumvi hayakauki, na mchanga ukiingia unasaga ngozi kama msasa. Raba nyepesi zinazopitisha maji, na za pili za plastiki zilizofunga kisigino kwa ajili ya miamba na matope. Ndala hapana kabisa, tope litazivua. Wala msitembee peku kwenye maji ya magoti: kuna taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliojifukia mchangani na wale wadudu wa miiba myeusi kwenye mwamba. Burura mguu badala ya kuunyanyua, taa atasikia na kukimbia. Jioni osheni miguu kwa maji baridi, kausheni hadi katikati ya vidole, pakeni mafuta. Lengelenge likianza kuchoma, simameni wakati huohuo. Msingoje kituo.

Mzigo usizidi kilo 8 kwa mtu. Maji ya kunywa lita 4 kwa siku, na paketi chache za ORS. Madafu mtayapata njiani lakini msiyafanye tegemeo. Mkate wa kumimina unakaa vizuri siku mbili, tende, karanga, ndizi. Chandarua ni lazima.

Kigombe mtalala. Ni kijiji cha wavuvi, kipo wilaya ya Muheza, na mkifika nendeni kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji mjitambulishe: tumetoka wapi, tunakwenda wapi, tuko wangapi. Watawaelekeza mahali pa kulala na, muhimu zaidi, kijiji kizima kitajua kuna wageni wanne wanawake wanaokwenda Tongoni kesho. Huo ndio ulinzi wenu mkubwa. Kwenye swali lako la usalama, jibu langu ni hilo kwanza: msipite kijiji kimyakimya. Salimieni kila mtu, wazee kwa shikamoo, hata kama mmechoka. Vaeni magauni au suruali pana na mtandio. Nguo za kuogelea ni za mahali pa kuogelea. Chukueni mwenyeji mmoja wa kuwasindikiza kutoka kijiji hadi kijiji, anayetambulishwa na ofisi hiyohiyo, na mkubaliane malipo kabla. Simu na fedha visionekane ovyo. Mkipita mbele ya hoteli, mwamkieni mlinzi mwendelee na safari upande wa maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na walinzi wengi mkiwasalimia hawana neno.

Eneo hilo la maji mbele yenu lote ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya nyavu za wavuvi kuanza kumtoa silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia iliwahi kuamini ametoweka. Ninyi hamtamwona, anakaa kwenye vilindi. Lakini msiokote matumbawe wala makombe, hata yale yaliyokufa.

Sasa siku ya pili, Kigombe hadi Tongoni. Kilomita ni chache, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa mikoko inaanza kuingia na mahori yanakata ufukwe.

Mwaka 2011 nilikuwa na wageni wawili kwenye kipande hiki. Nilikuwa nimekwisha kupita mara nyingi, nikajiamini. Tulikawia kwa wavuvi wanaoshona nyavu, tukanywa chai, mazungumzo yakanoga, na tulipofika kwenye hori maji yalikuwa yamegeuka kama saa 2 zilizopita. Niliyatazama, yalikuwa magotini. Nikasema tunapita. Nilisahau jambo ambalo kila mvuvi analijua mwilini mwake: maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanatambaa. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndipo yanakuja mbio. Nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili. Tulipofika katikati yalikuwa kiunoni na yanavuta begi kuelekea ndani. Badala ya kurudi nikawaingiza kwenye mikoko, nikidhani tutakata njia hadi nchi kavu.

Ndani ya mikoko hakuna kukata njia. Mizizi imekaa kama vidole vya mtu anayekuzuia kifuani, tope linafika nusu ya paja, na kila hatua unauvuta mguu kwa mikono miwili. Nakumbuka nimesimama nimeshikilia mchu, napumua, nikaona konokono wadogo wanapanda shina. Walikuwa kumi, kumi na tano, wanakwenda juu polepole mmoja nyuma ya mwingine, na maji yalikuwa bado hayajafika kwenye mti ule. Wale wadudu walikuwa wanahama mapema kuliko mimi. Tukakaa juu ya mizizi mpaka jioni, wageni wangu wanatetemeka, na aliyetutoa ni kijana mwenye mtumbwi aliyesikia tukiita. Kesho yake mama mmoja wa kijijini, mchokoa pweza, aliniambia wao wakiwaona wale konokono wanapanda huwa hawaulizi saa. Wanabeba vikapu na kuondoka.

Tangu siku ile nina sheria mbili. Ya kwanza: kila safari ina kirangozi mmoja, kama misafara ya zamani, na saa ya kugeuka. Kabla ya kuondoka mnaandika: hori tulivuke kabla ya saa fulani; saa hiyo ikipita, hatuvuki, hata kama maji yako kwenye kifundo cha mguu. Kirangozi akisema tunarudi, hakuna mjadala. Ya pili: watazameni wachokoa pweza. Siku za bamvua wanawake hushuka mwambani maji yakipwa, wameinama, na fimbo mkononi. Wakiwa bado wako nje, mna muda. Wakianza kurudi, na ninyi rudini. Na penye hori pana mvuvi mwenye mtumbwi. Kumlipa nauli akuvushe si aibu.

Kwa Tongoni kwenyewe tengeni nusu siku. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya mji wa kale wa Mtangata, mengi yakiwa yalijengewa nguzo. Lipeni kiingilio, mpate risiti, na mtembee taratibu, ni makaburi. Mkiwa pale tazameni baharini. Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwamba huko nje alfajiri. Maji yakapwa ikabaki kwenye ukavu. Wenyeji wakaiendea kwa vyombo viwili, wakileta machungwa mazuri, na maji yalipojaa ikaelea tena. Januari iliyofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, wakaichoma moto São Rafael mahali palepale. Huwa nakaa kivulini pale nikiwafikiria wale watu wa machungwa. Walijua saa ngapi merikebu ile ingeelea, na waliokuwa ndani yake hawakujua.

Siku ya tatu, Tongoni hadi Tanga, acheni ufukwe. Najua mtatamani kumaliza na bahari, lakini kuanzia hapo ghuba zimejaa mikoko na kuzizunguka kwa miguu ni kujitesa bure. Fuateni vijia vya vijiji na barabara ya Pangani, katikati ya minazi na mihogo. Ni kipande cha kawaida, kina vumbi na pikipiki. Ondokeni mapema, mtafika mjini kabla ya adhuhuri kali. Mkitaka kuiaga bahari, malizieni Ras Kazone.

Kuhusu Saadani, jibu langu ni hapana, si kwa namna mnayofikiria. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa inayokutana na bahari. Tembo na simba wa huko hawajui kwamba ufukwe ni wa watu, na mito kama Wami ina viboko na mamba hadi karibu na mdomo wake. Ndani ya hifadhi hutembei bila kibali na askari mwenye silaha, na ni haki kabisa. Mkitaka kuongeza urefu mwaka kesho, anzieni Ushongo, kusini ya Pangani, mje mpaka Bweni na kuvuka mto. Hiyo ni siku moja zaidi ya mchanga mzuri, na nitawasaidia kuipanga.

Kabla ya yote hayo, Jumapili ya bamvua inayokuja, nendeni wote wanne ufukweni hapo Mwambani, maji yakiwa yamepwa. Chomekeni kijiti kwenye ukingo wa maji, kaeni, na kila baada ya nusu saa chomekeni kingine pale maji yalipofika. Kaeni mpaka yajae. Vijiti vya mwanzo vitakaribiana. Vya katikati vitaachana kiasi kwamba mtu itabidi ainuke na kukimbilia kuchomeka, na hapo mwangalie kirangozi wenu usoni, mmuulize saa yake ya kugeuka ni ngapi.